Kutafuta makala za tiba PubMed: tulivyofanya na daktari wa seli mundu

Wiki iliyopita daktari mmoja wa uzamili, idara ya watoto, alikuja maktabani amechoka. Anaandika tasnifu kuhusu dawa ya haidroksiurea kwa watoto wenye seli mundu, na msimamizi wake alimrudishia rasimu kwa sababu imeacha tafiti muhimu za Afrika. Tulikaa saa tatu. Mimi ni mkutubi, na tatizo lake nalikuta kila muhula, kwa hiyo naziandika hatua tulizopita.

1. Swali

Liandike kwenye karatasi: mgonjwa ni nani, anapewa nini, unalinganisha na nini, unatazamia matokeo gani.

2. Ni la wodini au la tasnifu?

Kama mgonjwa anakusubiri kitandani, usianzie PubMed, hifadhidata ya mtandaoni ya makala za tiba. Fungua mwongozo wa matibabu wa taifa, kisha Cochrane Library, ambako tafiti nyingi zimekwisha kuchambuliwa kwa pamoja.

3. PubMed yenyewe

Saa zetu ziliishia hapa. Daktari alikuwa akiandika "sickle cell anaemia" na "hydroxycarbamide" (jina jingine la haidroksiurea), yote ndani ya alama za mtajo. Ukiandika bila alama hizo, PubMed hukusaidia kimyakimya: hupatanisha tahajia ya Uingereza na ya Marekani, na huyaoanisha maneno yako na vichwa vya somo vya MeSH, yaani orodha rasmi ya istilahi za tiba zinazobandikwa kwenye makala. Ukiweka alama, msaada huo unakoma. Inatafuta herufi zile zile tu. Utafiti wa REACH, wa haidroksiurea kwa watoto wenye seli mundu, uliofanyika Angola, Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo, Kenya na Uganda na kuchapishwa mwaka 2019, una maneno anemia na hydroxyurea kwenye kichwa chake. Ndio uliomponyoka, na ndio msimamizi aliokuwa akiuulizia.

Ingia sehemu ya Advanced, uandike mstari mmoja mmoja:

anemia, sickle cell[mh] OR sickle cell[tiab]

hydroxyurea[mh] OR hydroxyurea[tiab] OR hydroxycarbamide[tiab]

Kisha unganisha: #1 AND #2. Viunganishi (AND, OR) viwe kwa herufi kubwa.

Kwa nini alama mbili? [mh] hutafuta vichwa vya MeSH, ambavyo hukusanya majina yote ya kitu kimoja. Lakini zipo makala zilizomo PubMed ambazo hazikupewa MeSH, na nyingine hazitapewa kamwe. Hizo utazipata kwa [tiab], inayosoma kichwa cha makala na ikisiri. Angalia tena: [tiab] nayo haikupatanishii tahajia. Majina yote ya dawa au ugonjwa uyaorodheshe mwenyewe.

Vichujio vya pembeni navyo vina hila. Kile cha umri hutegemea MeSH, kwa hiyo ukichagua watoto unapoteza makala zisizo na MeSH. Mimi huchagua watoto kwa macho, nikisoma ikisiri. Kiunganishi NOT, cha kuondoa, sikitumii kabisa: ukiondoa watu wazima, umeondoa na makala iliyochunguza watoto na watu wazima pamoja. Na kile cha makala za bure kiache, maana kinakuficha zile ambazo ungezipata kupitia Hinari, mpango wa kuzipatia taasisi majarida ya tiba (hatua ya 4).

Ukimaliza, nakili mistari yako yote, tarehe, na idadi ya makala zilizopatikana. Sura ya mbinu itakudai hayo, na baada ya miezi sita hutayakumbuka.

4. Makala kamili

Hinari ilianzishwa mwaka 2002 na Shirika la Afya Duniani pamoja na wachapishaji. Inayosajiliwa ni taasisi, si mtu binafsi, kwa hiyo nywila iombe maktabani kwako. Pitia kwanza lango la Research4Life, ndipo uingie kwenye jarida. Ukienda moja kwa moja kwenye tovuti ya jarida utadaiwa pesa kwa makala ambayo chuo chako pengine kinaipata tayari. Usilipe kabla ya kumuuliza mkutubi.

5. Marejeo

Tumia Zotero, programu ya kutunza na kupanga marejeo. Ni ya bure, na sijaona sababu ya mwanafunzi kununua nyingine. Kagua tu majina ya taasisi: Shirika la Afya Duniani likiingizwa kama jina la mtu, orodha yako itatoka na "Organization, W. H." Libadilishe liwe jina la sehemu moja.

Rejeo lolote ulilopewa na programu ya akili mnemba litafute PubMed kwa kichwa chake. Usipolipata huko wala kwenye tovuti ya jarida lenyewe, lifute kabla msimamizi hajaliona.