Kuomba Fedha za Wahisani kwa Ajili ya Uoto na Viumbe vya Mijini: Somo la Hatua kwa Hatua

Somo hili limeandikwa kwa ajili ya vikundi na asasi ndogo zinazotunza kipande cha msitu, kijito, ardhioevu au uwanja wenye miti ndani ya mji, na ambazo sasa zinataka kuomba ruzuku kutoka kwa wakfu, mifuko ya uhifadhi au wahisani binafsi. Nitasisitiza jambo ambalo maandiko mengi ya miradi hulipitia juu juu: kupanda miti hugharimu kidogo na hupendeza pichani, lakini kinachohifadhi bioanuwai ya mji, yaani wingi wa aina za mimea na wanyama wake, ni miaka ya palizi, umwagiliaji, ulinzi na hesabu ya viumbe inayofuata baada ya wageni rasmi kuondoka. Fedha za miaka hiyo ndizo ngumu kupatikana, na ndizo zinazostahili kuombwa mapema.

Hatua ya kwanza: hakikisha haki ya ardhi

Ardhi ya mjini ina thamani kubwa kwa watu wengi kwa wakati mmoja, na eneo linaloitwa la wazi leo huweza kuonekana mwakani katika mchoro wa mipango miji likiwa maegesho ya magari. Kabla ya kuandika sentensi hata moja ya andiko, jueni nani anamiliki eneo hilo kisheria, limepangiwa matumizi gani, na ni mamlaka ipi inayosimamia kingo za mto endapo mto upo. Kisha pateni makubaliano ya maandishi yenye muda maalumu, yanayoeleza nani atabeba jukumu gani na nini kitatokea upande mmoja ukitaka kujitoa. Barua ya pongezi kutoka kwa kiongozi wa mji si makubaliano, hata iwe na muhuri mkubwa kiasi gani.

Msitu wa Karura, uliomo ndani ya jiji la Nairobi, unaonyesha kwa nini hatua hii inatangulia. Mwishoni mwa miaka ya 1990 Wangari Maathai na wenzake walipambana na ugawaji wa sehemu za msitu huo kwa waendelezaji wa majengo, na baadhi yao walipigwa na kujeruhiwa. Chama cha jamii cha marafiki wa msitu kiliundwa mwaka 2009, kikaingia katika usimamizi wa pamoja na mamlaka ya misitu ya serikali. Wahisani wakachangia uzio, na viingilio vya wageni vikawa chanzo cha mapato. Uzio ulikuwa na maana kwa sababu suala la ardhi lilikuwa limeshapiganiwa. Mhisani makini huufahamu mfuatano huo, na akiona andiko linaloanza na uzio bila kusema lolote kuhusu ardhi, huliweka kando.

Hatua ya pili: hesabuni kilichopo

Takwimu za awali haziwezi kukusanywa baada ya mradi kuanza. Chagueni njia moja au mbili za kutembea, mzipitie saa ileile kila mwezi, na kuandika ndege, vipepeo, nyuki, vyura na mimea mnayoiona, pamoja na spishi vamizi, yaani za kigeni zinazoenea na kuzisonga za asili. Jukwaa la iNaturalist, lililoanza mwaka 2008, huwawezesha watu wasio wanabiolojia kupakia picha ili wengine wasaidie kuthibitisha jina la spishi, na kumbukumbu zilizothibitishwa na kupewa leseni inayofaa huingia katika GBIF, hifadhidata ya kimataifa ya kumbukumbu za viumbe. Mkipata eneo jirani linalofanana na lenu ambalo halitaguswa na mradi, lihesabuni pia, kwa sababu bila mahali pa kulinganishia hamtaweza kujua kama ndege wameongezeka kutokana na kazi yenu au kutokana na mvua nzuri ya mwaka huo.

Hatua ya tatu: chagueni mhisani anayelingana na kazi yenu

Mifuko hutofautiana kwa kile inachokipenda. Mfuko wa Mohamed bin Zayed wa kuhifadhi spishi hutoa ruzuku zisizozidi dola 25,000 na huangalia spishi mahususi iliyo hatarini. Basi kikundi chenye bustani nzuri lakini kisicho na spishi ya kuitaja kitakuwa kinagonga mlango usio wake. Mfuko wa ubia wa CEPF, ulioanzishwa mwaka 2000, huelekeza ruzuku zake kwenye maeneo yenye utajiri mkubwa wa viumbe na yanayokabiliwa na uharibifu mkubwa. Vitita vinavyotangazwa katika habari huwa na mipaka ya kijiografia: ahadi ya dola milioni 400 ambayo Bezos Earth Fund iliitoa mwaka 2023 kwa ajili ya maeneo ya kijani mijini inahusu miji ya Marekani pekee. Someni orodha ya miradi ambayo mfuko umeshaifadhili, maana orodha hiyo husema kweli kuliko ukurasa wa maono na dhamira.

Hatua ya nne: barua ya kusudio

Iwe fupi. Itaje eneo, spishi au makazi yanayohusika, tishio, kitendo mnachopendekeza, kiasi cha fedha na muda. Historia ya asasi itasubiri andiko kamili.

Hatua ya tano: bajeti inayotazama miaka ya mbele

Hapa ndipo maandiko mengi huanguka. Asasi huweka fedha nyingi kwenye miche, mabango na uzinduzi, kisha utunzaji ukapewa mstari mmoja wa mwisho wenye tarakimu ya kukisia. Andikeni kinyume chake. Kwa kila mche mnaotaka kupanda, onyesheni nani atapalilia, maji yatatoka wapi wakati wa kiangazi, na miche mingapi itahitaji kupandwa upya. Wanaotumia njia ya mwanaikolojia wa Japani Akira Miyawaki, ambayo hupanda spishi nyingi za asili kwa kubanana sana ili zikue haraka, hukiri kwamba palizi ya miaka miwili au mitatu ya mwanzo haikwepeki, japo baadaye msitu hujitegemea.

Mfano mkubwa wa fedha za utunzaji ni Central Park ya New York. Bustani hiyo ilikuwa imechakaa vibaya katika miaka ya 1970, na asasi ya hisani inayoitunza ilianzishwa mwaka 1980. Mwaka 2012 mwekezaji tajiri John Paulson alipoipa asasi hiyo dola milioni 100, nusu ya fedha hizo ilielekezwa kwenye mfuko wa kudumu ambao faida yake hutumika mwaka hadi mwaka. Asasi ndogo haitapata kiasi hicho, lakini inaweza kuomba kwamba sehemu ya ruzuku itengwe kwa ajili ya utunzaji baada ya mradi kufungwa, na ioneshe mchango wa mamlaka ya mji, hata kama mchango huo ni maji na zana tu.

Hatua ya sita: viashiria vinavyopimika

Idadi ya miche iliyopandwa ni kipimo cha matumizi, si cha mafanikio. Ahidini asilimia ya miche itakayokuwa hai baada ya mwaka wa tatu, idadi ya spishi za asili zinazozaliana ndani ya eneo, au urefu wa ukingo wa mto uliosafishwa spishi vamizi na kubaki safi. Mnaweza kuunganisha viashiria hivyo na lengo la 12 la Mpango wa Kimataifa wa Bioanuwai wa Kunming-Montreal, uliopitishwa Desemba 2022, linalohusu hasa maeneo ya kijani na ya maji mijini. Sentensi moja inatosha; msiujaze ukurasa mzima kwa mikataba ya kimataifa.

Maswali ya wanachama

Swali: Mwalimu, mhisani wetu anasema halipii mishahara wala kodi ya ofisi. Tufanyeje?

Jibu: Ndugu, anayepalilia ni mfanyakazi wa mradi, si gharama ya ofisi. Mwandikeni chini ya shughuli yenyewe, kwa siku na kazi zake, na mhasibu mwandikeni kwa sehemu ya muda anaoutumia kwenye mradi huo. Haya yafanyike kwa uwazi, si kwa kuficha. Mhisani akishikilia kwamba fedha zake zisimguse mtu yeyote anayefanya kazi, ni afadhali kumkatalia kwa adabu.

Swali: Kikundi chetu hakijasajiliwa, lakini mfuko mmoja unafunga maombi hivi karibuni. Je, tunaweza kuomba?

Jibu: Mnaweza kuomba kupitia asasi mlezi iliyosajiliwa, ikiwa mfuko unaruhusu. Andikeni mkataba unaotaja asilimia ambayo asasi mlezi itabaki nayo, muda wa kuwakabidhi fedha, na nani atamiliki vifaa mradi ukiisha.

Swali: Kampuni inayotiririsha maji machafu kwenye kijito chetu inataka kufadhili bustani ya kingo zake. Baadhi yetu wanasema fedha ni fedha.

Jibu: Dada, bustani hiyo itakunywa maji hayohayo. Dai la kwanza liwe kusafishwa kwa maji kwa mujibu wa sheria, jambo ambalo ni wajibu wao na haliwezi kuitwa hisani. Wakilitimiza na vipimo vikathibitisha, mzungumze kuhusu ufadhili, na makubaliano yaseme wazi kwamba kikundi kiko huru kuchapisha vipimo vya maji wakati wowote.

Swali: Je, eneo likipendeza, wapangaji wa jirani hawataishia kuhamishwa na kodi kubwa?

Jibu: Inatokea. High Line ya New York, bustani iliyojengwa juu ya reli ya zamani na kufunguliwa mwaka 2009, ilifuatwa na kupanda sana kwa bei za nyumba zilizo karibu nayo. Asasi haina uwezo wa kupanga kodi za nyumba, lakini inaweza kuwaweka wakazi wa kipato cha chini kwenye bodi tangu mwanzo, kuwaajiri katika utunzaji, na kupendelea maeneo madogo yaliyotawanyika badala ya kivutio kimoja kikubwa. Mambo hayo yaandikwe ndani ya andiko, na yawekewe mstari wake kwenye bajeti.