Namna ya Kutazama Filamu Kubwa za Maafa Ukiwa Mwanza

Kosa la kwanza la watazamaji wengi wa filamu za maafa ni kuzitazama kwenye simu. Fedha zote zimekwenda kwenye ukubwa wa picha na uzito wa sauti: kwa ajili ya Titanic ya mwaka 1997, iliyogharimu takribani dola milioni 200, ulijengwa katika pwani ya Mexico mfano wa meli uliokaribia ukubwa wa meli yenyewe, nao ukazamishwa kwenye bwawa kubwa. Kazi hiyo haionekani kwenye kioo cha upana wa kiganja. Tafuta televisheni kubwa na spika yenye besi ya kutosha, au nenda kibanda umiza, yaani kibanda cha kuonyeshea filamu, cha mtaani kwako, ambako joto na benchi gumu hufidiwa na watu wengi wanaoshtuka kwa pamoja. Mimi hupendelea kibanda kuliko sebule, isipokuwa pale filamu inapokuwa imetafsiriwa, kwa kuwa sauti ya mtafsiri humeza kishindo cha maji.

Ukishaketi, usikae unasubiri wimbi, bali angalia mwongozaji anautumiaje muda unaolitangulia. Katika Titanic meli haigongi barafu mpaka filamu imepita saa moja na nusu, na mapema kabisa mtaalamu mmoja huonyesha kwa kompyuta jinsi meli itakavyojaa maji, itakavyoinuka nyuma na kukatika vipande viwili. Kwa sababu hiyo, maafa yanapofika hatupotei hata mara moja. Tunajua kila mtu yuko sitaha gani na maji yamebakiza nini. Filamu ambayo haikuandalia jambo kama hilo itakuchosha baada ya jengo la tatu kuanguka, hata kama ina fedha kiasi gani.

Makosa ya sayansi yasamehe, lakini yajue. San Andreas ya mwaka 2015 inaonyesha ardhi ya California ikipasuka na kuacha korongo, kisha tsunami inaingia San Francisco, ilhali pande mbili za ufa wa San Andreas, mpasuko wa ardhi unaoleta matetemeko huko, husuguana kwa kupishana kando, tena sehemu kubwa ya ufa iko nchi kavu. Ni uongo unaofurahisha, na haumdhuru mtu.

Uongo unaostahili kuangaliwa kwa makini ni ule tunaoufupisha kwa kusema steringi, yaani mhusika mkuu, hafi. Katika filamu iitwayo 2012, iliyotoka mwaka 2009, karibu dunia nzima inaangamia huku kamera ikiifuata familia moja inayoponyoka kila mara kwa sekunde chache. Jizoeze kuiacha familia hiyo kidogo na kuwatazama walio nyuma yake, kisha hesabu ni wangapi kati yao walipewa jina.

Zoezi hilo ni jepesi kwa mtu wa Ziwa Victoria. Meli ya abiria MV Bukoba ilipozama karibu na Mwanza tarehe 21 Mei 1996, mamia ya watu walikufa, na tundu lililotobolewa kwenye meli iliyopinduka ili kuwatoa waliokuwa ndani liliruhusu hewa kutoka, meli ikazama kabisa. Katika filamu, chuma kikitobolewa mtu huokoka. Kivuko cha MV Nyerere nacho kilipopinduka karibu na kisiwa cha Ukara tarehe 20 Septemba 2018, zaidi ya watu 220 walipoteza maisha, na fundi mitambo mmoja alitolewa akiwa hai baada ya siku mbili. Siku mbili za watu kusimama ufukweni wakingoja jina la ndugu yao hazina nafasi katika filamu ya aina hii, wala safari ya kwenda kuwazika wa MV Bukoba katika makaburi ya Igoma, Mwanza, haina, kwa kuwa mwendo wake hauvumilii kungoja.

Kwa hiyo, kabla ya kuweka filamu ya meli mbele ya wageni, mwulize mkubwa aliyepo, kwa sauti ya chini na si mbele ya watoto: "Shikamoo, mama. Tunataka kuweka filamu ya meli inayozama. Tuiweke au tutafute nyingine?" Akisema muweke tu, ila yeye anakwenda jikoni kuangalia sato, basi amekwisha kujibu, weka ya volkano.