Gari la mfuo la 1:32 kutokana na mabaki

Gari la mfuo ni gari dogo la kuchezea linalofuata mfuo wa njia yake na kupata umeme kutoka reli za kando ya mfuo; 1:32 maana yake ni dogo mara 32 kuliko gari halisi. Anza na vipimo, gundi baadaye. Kwa bodi ya plastiki ya Airfix (chapa ya vifaa vya kuunda mifano) ya 1:32, tafuta chasisi ya gari bovu la Scalextric (chapa ya magari ya mfuo) ambalo mota yake, iliyofungwa nyuma, bado inazunguka. Linganisha umbali kati ya ekseli mbili za chasisi na ule wa nafasi za magurudumu kwenye bodi. Ukitofautiana, kata chasisi mbele ya mota kwa msumeno mwembamba, irefushe au ifupishe, kisha unga kwa kipande cha plastiki cha milimita 2 na epoksi. Ilaze juu ya kioo usiku kucha: chasisi iliyopinda huinua gurudumu moja, na gari kama hilo halitulii kwenye kona.

Gia ndizo zinazoharibu kazi nyingi. Meno yakibana sana, mota hupata moto. Yakiachana, hulia na kusagika. Weka ukanda wa karatasi ya kawaida kati ya gia ndogo na kubwa, zisogeze zikutane, gundisha mota, epoksi ikikauka vuta karatasi. Uwazi huo unatosha.

Misuko ya waya chini ya ulimi, yaani kipande cha mbele kinachoingia mfuoni, uitandaze iguse reli bila kuinua ulimi kutoka mfuoni. Nyuzi za pande mbili zikigusana, ni shoti. Gari likirudi nyuma, badilishana waya mbili za mota.

Piga msasa ndani ya bodi hadi magurudumu yasiguse. Skrubu zilegeze nusu mzunguko, bodi icheze kidogo. Pua ikiinuka, bandika gramu 3 hadi 5 za madini ya risasi nyuma ya ulimi.