Jinsi ya Kuuzoeza Ulimi Kunena Uzima: Mwongozo kwa Mkristo

Wakristo wengi wanaujua kwa moyo mstari wa Mithali 18:21, usemao kwamba "mauti na uzima huwa katika uwezo wa ulimi", lakini ni wachache wanaoumalizia. Nusu yake ya pili inasema kwamba "wao waupendao watakula matunda yake", na hapo ndipo penye kazi yenyewe, kwa sababu tunda haliivi siku ile ile linapochanua. Neno lililosemwa asubuhi huenda likavunwa baada ya miaka kumi, na atakayelila si msikiaji peke yake, bali na msemaji pia. Kwa hiyo, anayetaka kuutumia ulimi wake vema asihangaike kutafuta sentensi moja nzito ya kutamka siku ya shida, bali ajijengee mazoea ya kusema katika siku ambazo hakuna shida yoyote.

Jua kwanza nguvu hiyo inatoka wapi

Katika Mwanzo sura ya 1, Mungu anasema na jambo linakuwapo. Neno la Kiebrania dabar, ambalo sisi tunalitafsiri kama "neno", huweza pia kumaanisha jambo au tendo, na kwa Mungu mambo hayo hayatengani: akisema, limetendeka. Mwanadamu ameumbwa kwa mfano wake na amepewa usemi, lakini hakupewa uwezo wa kuumba kwa kutamka. Ni lazima jambo hili lieleweke mapema, kwa kuwa wako wanaofundishwa kwamba ulimi wa mwamini hufanya kazi kama ulimi wa Muumba, na wanapotamka na kisha wasione kitu hubaki wakijilaumu kwamba imani yao ni ndogo.

Hata hivyo, maneno yetu si upepo. Yanaingia ndani ya mtu mwingine na kukaa humo kwa muda ambao hatuwezi kuupima, na yanamfunga hata yule aliyeyasema, kama Yefta alivyojikuta amefungwa na nadhiri yake mwenyewe katika Waamuzi sura ya 11. Yakobo anaufananisha ulimi na lijamu kinywani mwa farasi, na usukani wa merikebu, na moto mdogo uwashao msitu mkubwa. Lijamu na usukani ni vyombo vya kuongozea, na kama havina mwenye kuvishika, farasi na merikebu hujiendea tu. Ukitaka kujua mshikaji ni nani, rudi kwenye maneno ya Yesu katika Luka 6:45, kwamba kinywa hunena yale yaujazayo moyo. Ndiyo sababu hatua ya kwanza haianzi na kinywa.

Jisikilize kwa siku saba

Tenga juma moja la kujisikiliza bila kujirekebisha. Kila jioni, kabla ya maombi, andika katika daftari sentensi tatu ulizozisema siku hiyo kama zilivyotoka, pamoja na jina la uliyemwambia na hali uliyokuwa nayo: njaa, uchovu, haraka, wivu, au furaha. Usiandike ulichokusudia kusema, andika ulichosema. Wengi hushangaa kuona kwamba maneno yao makali hayatawanyiki ovyo, bali hurudi saa ile ile na kumwelekea mtu yule yule, na mara nyingi mtu huyo ndiye asiyeweza kujibu.

Siku ya saba, soma ulichoandika mbele za Mungu na uulize swali moja: nini kimejaa moyoni hata hiki kikamwagika? Anayesengenya kila mara huenda ana uchungu ambao hajauungama, na anayejisifu huenda anaogopa kusahauliwa. Ukitubu kwa ajili ya neno ukaacha chemchemi yake, neno hilo litarudi keshokutwa likiwa limebadilisha mavazi. Baada ya toba hiyo, liombe ombi la Zaburi 141:3 kila asubuhi kabla hujazungumza na mtu yeyote: "Ee BWANA, uweke mlinzi kinywani pangu, mngojezi mlangoni pa midomo yangu." Mtunga Zaburi hakuomba kinywa kizibwe. Aliomba mlinzi, na mlinzi kazi yake ni kutambua nani apite na nani asubiri.

Anzia nyumbani

Ni rahisi kuwa na ulimi mtamu kanisani, ambako tunakaa saa chache na watu wanaotuheshimu. Ulimi hupimwa nyumbani, hasa jioni. Mtoto wa miaka tisa amekaa mezani na daftari la hesabu. Amefuta jibu lile lile mara tatu mpaka karatasi imetoboka. Mzazi aliyechoka anapita nyuma yake, anachungulia, na kusema, "Wewe kichwa chako kizito kama cha mjomba wako." Hakukusudia kulaani, pengine hata anacheka. Lakini mtoto anaweka kifutio chini na hafuti tena, kwa sababu ameambiwa kwamba tatizo haliko kwenye hesabu, liko ndani yake, na tena ni la urithi.

Sasa mzazi yule yule, akiwa na uchovu ule ule, angeweza kusema, "Naona umefuta mara tatu, mwanangu, na bado hujaacha. Hebu nioneshe ulipofikia." Sentensi hii haina sifa za uongo. Haisemi kwamba mtoto ni hodari wa hesabu, kwa maana huenda si hodari, bali inataja jambo la kweli ambalo mtoto mwenyewe hakuwa ameliona, na inamfungulia njia. Hiki ndicho kipimo cha Waefeso 4:29, ambapo Paulo anataka neno liwe la kumfaa mwenye kuhitaji, ili liwape neema wanaosikia. Neno jema halipimwi kwa utamu wake. Linapimwa kwa kuangalia kama limemfaa aliyelipokea.

Kanuni ya kushika hapa ni kulihukumu tendo bila kumbandika mtu jina. "Umesema uongo" ni karipio, na linaweza kuwa la lazima; "wewe ni mwongo" ni hukumu inayomwambia mtu kwamba hana mahali pa kugeukia. Katika Yohana 1:42 Yesu alimwita Simoni, ndiye Petro, kwa jina la Kefa, yaani mwamba, wakati ambapo hapakuwa na dalili yoyote ya mwamba, na hakulifuta jina hilo hata baada ya mwenyewe kumkana. Wakati huohuo hakuacha kumkaripia pale alipokosea. Karipio na heshima vinaweza kukaa katika kinywa kimoja.

Vilevile, fanya baraka kuwa jambo la kila siku. Mwekee mtoto mkono kichwani wakati wa kulala na utamke baraka ya Haruni katika Hesabu 6:24-26: "BWANA akubarikie, na kukulinda, BWANA akuangazie nuru za uso wake, na kukufadhili, BWANA akuinulie uso wake, na kukupa amani." Itamke polepole, kwa maneno yale yale kila siku, ili mtoto aijue hata gizani. Usichanganye baraka na maonyo. Nimewahi kusikia mzazi akisema, "Mungu akubariki, ukiacha uvivu wako huo," na sidhani kama mtoto yule alisikia nusu ya kwanza.

Kukiri Neno bila kuukana ukweli

Hapa ndipo penye mkanganyiko mwingi. Kuna waamini wanaokataa kusema "ninaumwa", wakiamini kwamba kutaja ugonjwa ni kuukaribisha. Biblia haizungumzi hivyo. Paulo anawaandikia Wafilipi kwamba Epafrodito alikuwa mgonjwa karibu na kufa, anamshauri Timotheo kuhusu tumbo lake na magonjwa yake ya mara kwa mara, na anasema waziwazi kwamba alimwacha Trofimo huko Mileto hali hawezi. Zaburi ya 13 inaanza kwa kilio cha "Ee BWANA, hata lini utanisahau, hata milele?", na Zaburi ya 88 inaishia katika giza. Kumwambia Mungu ukweli ulivyo si kukosa imani. Mgonjwa anayeficha maumivu yake kwa ndugu zake ili asionekane "amekiri vibaya" anajinyima maombi yao, na pengine anachelewa kutibiwa.

Kosa la kweli la ulimi linaonekana katika Hesabu 13 na 14. Wapelelezi 12 waliizunguka nchi kwa siku 40, wakaona mambo yale yale. Wale kumi hawakusema uongo kuhusu miji yenye maboma. Hata Kalebu, mmoja wa wale wawili waliotofautiana nao, hakukanusha kwamba maboma yapo. Lakini katika taarifa yao walimwacha Mungu nje, kisha wakaongeza kwamba "tukajiona nafsi zetu kuwa kama mapanzi". Usiku ule mkutano mzima ulilia, na maneno ya watu kumi yakawarudisha watu wote jangwani kwa miaka 40, mwaka mmoja kwa kila siku ya upelelezi. Kalebu na wale kumi walitofautiana kwa kuwa yeye alizungumza kama mtu anayejua kwamba Bwana naye yumo katika habari hiyo.

Basi ukitaka kukiri Neno, fuata utaratibu huu. Taja hali kama ilivyo, kwa sentensi moja, bila kuipamba wala kuipunguza: "Nimepoteza kazi na sijui nitalipaje kodi ya nyumba." Kisha tafuta alichosema Mungu kuhusu hali hiyo, ukisoma sura nzima ili usichukue ahadi aliyopewa mtu mwingine kwa jambo jingine. Halafu litamke kwa sauti ya kusikika, ukiwa peke yako au pamoja na anayekuombea, kama mtunga Zaburi ya 42 anavyoisemesha nafsi yake: "Nafsi yangu, kwa nini kuinama, na kufadhaika ndani yangu? Umtumaini Mungu." Sauti ina faida yake hapa, akili inayohangaika hurukaruka, na ukisema kwa sauti unailazimisha itulie mahali pamoja. Yesu mwenyewe jangwani alimjibu mjaribu mara tatu kwa maneno ya Kumbukumbu la Torati, na alijibu kwa kifupi tu.

Mwisho wa utaratibu huo ni kumwachia Mungu matokeo. Shadraka, Meshaki na Abednego walikiri kwamba Mungu wao aweza kuwaokoa na tanuru, kisha wakaongeza, "Bali kama si hivyo", kwamba hata hivyo hawataisujudia sanamu. Wako watakaosema kwamba nyongeza hiyo inapunguza nguvu ya ukiri. Mimi naona ndiyo ukiri wenyewe, kwa sababu anayeweza kuisema hatumii maneno kumshurutisha Mungu.

Ujue pa kunyamaza

Rafiki watatu wa Ayubu walikaa naye chini siku saba, mchana na usiku, bila kusema neno, na katika kitabu kizima hawakufanya jambo lililo bora kuliko hilo. Niliwahi kumwambia mama aliyefiwa na mwanawe kwamba Mungu amempenda zaidi. Alijibu, "Asante, mwanangu," akageuza uso ukutani. Tangu siku hiyo, kwenye msiba nasema pole, nataja jina la marehemu, na kukaa. Na katika ujumbe wa simu, ambako hasira hupata vidole, andika kisha ukalale. Ukiusoma asubuhi na bado ukaona unafaa, utume.

Neno likishatoka

Utakosea. Yakobo anasema kwamba mtu asiyejikwaa katika kunena ni mtu mkamilifu, na hujakutana naye. Wahenga wanasema heri kujikwaa kidole kuliko kujikwaa ulimi, maana neno halirudi kinywani. Lakini linaweza kufuatwa na neno jingine. Petro alimkana Bwana mara tatu akiota moto wa makaa, na katika Yohana 21, kando ya moto mwingine wa makaa, Yesu alimuuliza mara tatu kama anampenda. Hakumwambia tu kwamba yamekwisha. Alimpa nafasi ya kusema tena, idadi ile ile.

Unapokwenda kuomba radhi, litaje neno lenyewe: "Jana nilikuambia kichwa chako ni kizito." Ukisema tu "kama nilikukwaza", unamwachia aliyeumizwa kazi ya kuthibitisha jeraha lake. Usiongeze "lakini nilikuwa nimechoka", hata kama ulikuwa umechoka kweli. Kama ulilisema mbele ya watu, wasikie pia radhi hiyo, hata kama aliyekosewa ni mtoto na walioko ni wageni wa heshima. Sema lililo kweli badala ya ulilosema, kisha uishie hapo bila kudai msamaha papo hapo. Huenda akakaa kimya, au akaendelea na daftari lake. Mwache, na wakati wa kulala ukifika umwekee mkono kichwani kama kawaida.