Kutoa bekapu kwenye ruta ya OpenWrt na kuipeleka kwenye seva

Juzi nilikuwa Kondele, Kisumu, kwa mama mmoja mwenye saiba. Alitaka mipangilio ya ruta yake, inayotumia OpenWrt (mfumo endeshi wa ruta), ihifadhiwe kwenye seva anayoikodi na pia kwenye laptopu, ili ruta ikiungua asianze upya. Nilimwambia dakika tano. Tulitoka giza limeingia.

Hatua ya 1. Ingia kwenye ruta kwa SSH (njia salama ya kuiamuru ukiwa kwenye laptopu), utengeneze bekapu:

sysupgrade -b /tmp/saiba.tar.gz

/tmp iko ndani ya RAM. Stima ikipotea, faili nayo imekwenda, kwa hivyo endelea papo hapo.

Hatua ya 2. Ilete kwenye laptopu. Niliandika scp, amri ya kunakili faili kupitia SSH, nilivyozoea:

scp root@192.168.1.1:/tmp/saiba.tar.gz .

Nikajibiwa:

ash: /usr/libexec/sftp-server: not found

Nikabadilisha paswodi, nikabadilisha kebo, nikazima ruta na kuiwasha. Bekapu ikafutika, kosa likabaki lile lile. Kumbe ruta haikuwa na tatizo. Tangu toleo la 9.0 la OpenSSH, la mwaka 2022, amri ya scp hupitia SFTP, njia nyingine ya kuhamisha faili juu ya SSH, ilhali Dropbear, inayoshughulikia SSH kwenye OpenWrt, haiji na seva ya SFTP. Dawa ni kuirudisha scp kwenye mtindo wake wa zamani:

scp -O root@192.168.1.1:/tmp/saiba.tar.gz .

Ni O kubwa. Si sifuri, wala si o ndogo, ambayo ina kazi nyingine kabisa. Laptopu yenye scp ya zamani sana itaikataa. Hapo iondoe tu, huihitaji. Mama aliiandika herufi hiyo kwenye karatasi akaibandika kwa selotepu juu ya ruta.

Wako watakaokushauri usakinishe openssh-sftp-server kwenye ruta. Inafanya kazi, lakini ruta yenye flashi ya MB 8 haina nafasi ya kuchezea. Mimi sisakinishi.

Hatua ya 3. Ipeleke kwenye seva, ukiwa ndani ya ruta yenyewe:

scp /tmp/saiba.tar.gz jina@anwani-ya-seva:bekapu/

Folda ya bekapu iwe imeshatengenezwa huko. Hapa -O haitakiwi, kwa sababu scp ya Dropbear bado inatumia mtindo wa zamani. Usijaribu kuivuta kutoka upande wa seva. Ruta nyingi zimekaa nyuma ya CGNAT (wateja wengi wa mtoa intaneti wakishiriki anwani moja), hazifikiki kutoka nje, na hata kama yako inafikika, tafadhali usiifungue poti 22, mlango wa SSH, kwa dunia nzima. Ruta ndiyo itume.

Hatua ya 4. Piga sha256sum kwa faili hiyo kwenye ruta na kwenye seva, ulinganishe: majibu yakifanana, faili imefika nzima. Kisha kwenye seva:

chmod 600 bekapu/saiba.tar.gz

Usiiruke amri hii, maana paswodi ya Wi-Fi imo humo ndani, inasomeka wazi.