Jinsi ya kulisha bakteria wa tumboni ili na ubongo upate chake

Jamani ukitaka kuutunza ubongo wako, hasa kama umri unasogea, anza na unga. Acha sembe rudi kwenye dona, kwa sababu pumba inayoondolewa mashineni ndo yenye faiba (nyuzinyuzi za mimea), na faiba ndo chakula cha bakteria walioko utumbo mpana. Sisi wenyewe hatuwezi kuimeng'enya, inashuka hivohivo mpaka chini, wale bakteria wanaichachusha wanatoa asidi moja inaitwa butireti, hiyo inalisha ukuta wa utumbo na kutuliza inflamesheni mwilini (ile hali ya mwili kuwaka na kuvimba kwa ndani unapojihami), na inflamesheni ya muda mrefu sio rafiki wa ubongo kabisa. Mwaka 2014 watafiti wa Sweden walikuta panya wasio na bakteria tumboni, ule ukuta unaozuia sumu za damu zisiingie kwenye ubongo unavuja, wakapewa bakteria wanaotengeneza butireti ukakaza.

Kwa binadamu, London walichukua mapacha jozi 36 wenye zaidi ya miaka 60, kila jozi mmoja akapewa faiba ya poda kila siku na mwenzie akapewa poda ya danganya toto isiyo na faiba hiyo, baada ya wiki 12 wa faiba wakafanya vizuri zaidi kwenye jaribio la kumbukumbu (matokeo yalitoka 2024). Faiba mojawapo ilikuwa inulini, ambayo ipo kwenye vitunguu maji na vitunguu saumu, kwahiyo usivibanie kwenye mboga.

Ukishazoea dona ongeza mikunde, maharage, choroko, kunde, mbaazi, chochote. WHO wanasema mtu mzima apate angalau gramu 25 za faiba kwa siku, na kikombe kimoja cha maharage yaliyoiva kina kama 13 hadi 15, yaani nusu ya safari umemaliza. Ila usivamie! Wiki ya kwanza kula vijiko vichache tu, loweka usiku kucha umwage yale maji, na kunywa maji ya kutosha, la sivyo gesi itakutesa utaacha kabla hata bakteria hawajaongezeka.

Viporo navyo vinasaidia sana, viazi vitamu au magimbi yakipoa sehemu ya wanga wake inakuwa ngumu kumeng'enywa na inafika chini kama faiba. Wali pia ila uuwahishe kwenye friji, usilale mezani.

Na matokeo hayachelewi. Utafiti wa Kilimanjaro uliotoka 2025, vijana wa kijijini waliohamishiwa vyakula vya kizungu wiki 2 tu inflamesheni ilipanda, wa mjini waliorudishwa kwenye vyakula vya asili ikashuka.

Af kitu kingine naomba sana, acheni kununua antibayotiki duka la dawa bila cheti kila mafua yakikubana, mafua ni virusi, dawa haivigusi, inaua hao bakteria unaowalisha. Na mwenye ugonjwa wa utumbo au aliyefanyiwa opareshen ya tumbo amuone daktari kwanza kabla ya kuongeza faiba.