Chahan ya kuku, kamba na ngisi kwenye jiko la nyumbani

Wali wa kukaanga wa Kijapani huitwa chahan. Asili yake ni China. Uliingia Japani na wapishi wa Kichina waliofungua migahawa kwenye miji ya bandari kama Yokohama, Kobe na Nagasaki. Leo unaukuta karibu kila mgahawa wa rameni, zile tambi za supu za Kijapani, umegeuzwa kutoka kwenye bakuli ukakaa duara juu ya sahani, pembeni tangawizi nyekundu ya siki na kibakuli cha supu. Viungo vyake si vya ajabu: chumvi, yai, kitunguu, pilipili manga nyeupe. Sifa yake yote iko kwenye punje. Kila punje kavu nje, laini ndani, imechambuka, na bado ukiuchota kwa kijiko hautawanyiki.

Nyumbani watu wengi hukwama hapo, hasa wakitaka kutia nyama na vitu vya baharini. Moto wa mgahawa ni mkali kiasi kwamba maji yanayotoka kwenye kamba yanakauka papo hapo. Jiko letu la gesi halina ubavu huo. Kwa hiyo kila hatua hapa chini ina kazi moja: kuzuia maji yasiingie kwenye wali. Ukilishika hilo, mengine badilisha upendavyo.

Vya kuandaa (watu wawili)

Mchele gramu 180, ambao ukiiva utakupa wali wa gramu 400 hivi. Paja la kuku lisilo na mfupa gramu 100, kamba gramu 100 baada ya kumenywa (maganda yaweke), ngisi gramu 80. Mayai mawili. Vitunguu majani vitatu, punje moja ya kitunguu saumu, kipande kidogo cha tangawizi. Mafuta ya kupikia, wanga wa mahindi vijiko viwili vikubwa, chumvi, pilipili manga nyeupe, sosi ya soya, na mafuta ya ufuta kidogo sana. Ajinomoto, ule unga mweupe wa kukoleza ladha, ukipenda; Japani ndiko ilikoanza kuuzwa, mwaka 1909, na mikahawa mingi ya chahan huitumia bila kuona haya.

Kule nyama ya kawaida ni ya nguruwe, iitwayo chashu, na samaki na nyama hutiwa pombe ya mchele kukata shombo. Kwa sisi tusiotumia hivyo, paja la kuku na maji ya tangawizi vinatosha kabisa. Usichukue kidari, kinakauka upesi mno.

Hatua ya 1: Wali

Wajapani hutumia mchele mfupi, mnene, wenye kunata. Kwenye maduka makubwa ya mijini huandikwa mchele wa sushi. Ukiukosa, chagua mchele wowote unaonata kidogo ukiiva. Basmati au pishori itakupa wali mtamu wa kukaanga, sibishi, ila hautashikana kwenye bakuli na mlo wenyewe utakuwa mwingine.

Osha mchele mpaka maji yakaribie kuwa maangavu, loweka dakika 20, kisha uchuje vizuri. Tia maji sawa na mchele kwa ujazo, kikombe kwa kikombe, yaani pungufu kidogo ya kawaida. Hakuna tui, hakuna mafuta. Kama unatumia jiko la umeme la kupikia wali, angalia kikombe kilichokuja nacho: mara nyingi ni cha Kijapani cha mililita 180, si kikombe cha chai. Wengi huchanganya vikombe hivi viwili, wakaishia na bokoboko.

Wali ukiiva, umwage kwenye sinia pana, utandaze, uupepee. Mvuke ukipungua na punje zikaanza kukauka juu, uko tayari. Uwe vuguvugu; si lazima uwe baridi.

Na kiporo? Kinafaa, kwa masharti mawili. Kwanza, kiwe kimelala kwenye friji, si ndani ya sufuria juu ya jiko. Kwenye mchele kuna bakteria aitwaye Bacillus cereus ambaye mbegu zake hazifi kwa kuchemka. Wali ukikaa saa nyingi kwenye joto anazaliana na kutoa sumu, na sumu hiyo haiondoki hata ukikaanga upya. Joto letu la pwani linampendeza sana. Ingiza wali kwenye friji ndani ya saa moja baada ya kuiva na uutumie kesho yake. Pili, upashe kabla ya kukaanga. Wali wa baridi umejaa mabonge, na ukiingia karaini unaua moto wote uliojitahidi kuupata.

Hatua ya 2: Nyama na vitu vya baharini

Kata kuku vipande vidogo vya sentimita moja. Tia chumvi kidogo, maji ya tangawizi kijiko cha chai, na wanga kijiko cha chai. Weka kando.

Kamba wapasue mgongoni, toa ule mshipa mweusi. Sasa wamwagie chumvi kidogo na wanga kijiko kikubwa kimoja, wasugue kwa vidole. Utaona wanga unageuka kijivu: huo ni uchafu na ute unaobeba shombo. Suuza mpaka maji yatoke safi, kisha uwakaushe kwa kitambaa, kweli kweli, mpaka mkono wako ukiwashika usilowe. Hatua hii ndiyo inayoleta tofauti kuliko kiungo chochote utakachonunua. Kamba wakubwa wakate mara mbili au tatu.

Ngisi mtoe utumbo, wino na ule mfupa mwembamba unaopitisha mwanga, menya ngozi, mpasue awe bapa. Upande wa ndani mchore mistari ya kukatana kwa ncha ya kisu bila kutoboa, ndipo umkate vipande vidogo. Naye mkaushe. Ngisi wa barafu ayeyuke kabisa kwanza. Ukimharakisha atatema maji karaini.

Maganda ya kamba usitupe. Yakaange kidogo kwenye sufuria, tia maji vikombe vitatu, chemsha dakika 15, chuja, onja chumvi, tia tone la sosi ya soya. Hiyo ndiyo supu yako ya pembeni.

Hatua ya 3: Panga kila kitu karibu na jiko

Piga mayai. Katakata vitunguu majani, sehemu nyeupe mbali na ya kijani. Saga kitunguu saumu. Changanya chumvi nusu kijiko cha chai na pilipili manga nyeupe kwenye kisahani. Moto ukishawaka hutapata nafasi ya kutafuta kifuniko cha chupa.

Hatua ya 4: Kaanga nyama kwanza, uitoe

Pasha karai la chuma mpaka lianze kutoa moshi, tia kijiko kikubwa cha mafuta. Kama una kikaango kisichonata, usikifikishe kwenye moshi. Moto wa wastani kwenda juu unatosha.

Weka kuku, mtandaze, mwache kidogo apate rangi ndipo umgeuze. Dakika mbili hadi tatu, aive mpaka ndani. Mtoe. Tia kamba; wakijikunja na kugeuka rangi ya waridi pande zote, watoe. Ngisi mwisho, nusu dakika hadi dakika moja tu. Akizidi hapo unatafuna raba. Vyote viweke kwenye chujio juu ya bakuli. Utashangaa maji yatakayokusanyika chini, na hayo yangekuwa ndani ya wali wako. Yatie kwenye supu.

Hatua ya 5: Yai na wali

Kaanga sahani moja moja. Narudia: moja moja. Wali wa watu wawili kwa mkupuo, juu ya moto wa nyumbani, unapikika kwa mvuke wake wenyewe.

Futa karai, lipashe tena, tia mafuta kijiko kikubwa kimoja na nusu. Mimina yai moja. Litavimba pembeni mara moja. Hesabu mpaka tano, likiwa bado bichi juu, mwaga nusu ya wali juu yake. Yai linazivaa punje, na mafuta yanazizunguka zisigandane. Wako wanaochanganya yai na wali bakulini kabla ya kukaanga ili wote uwe wa njano. Kwenye moto mkubwa inakubali, kwenye wetu wali unalowa, siipendekezi.

Sasa tumia mgongo wa upawa au mwiko bapa: bonyeza bonge, ligeuze, litandaze, bonyeza tena. Usiponde kwa ncha, utavunja punje. Na acha kurusharusha karai hewani ulivyoona kwenye video. Mpishi wa mgahawa anarusha kwa sababu moto wake unalifuata karai huko juu. Wewe ukiliinua unalipoza tu. Liache limekaa motoni.

Sikiliza. Mwanzoni wali unalia kwa sauti ya maji, shhh moja ndefu. Baada ya dakika mbili hivi sauti inakatikakatika, punje zinaanza kurukaruka kwenye chuma. Hapo maji yamekwisha. Kabla ya sauti hiyo, usitie kitu kingine.

Hatua ya 6: Kumalizia

Tia sehemu nyeupe ya vitunguu, kitunguu saumu, na nusu ya chumvi na pilipili. Geuza sekunde 30. Rudisha nusu ya kuku, kamba na ngisi. Kisha sogeza wali upande mmoja, umimine sosi ya soya kijiko cha chai kimoja na nusu kwenye ukingo wa karai palipo wazi, ichemke na kunukia kabla ya kuichanganya. Isizidi. Wali wa kukaanga wa hotelini wenye rangi ya chai ya rangi si chahan. Huu unabaki mweupe wenye madoa ya njano, na chumvi ndiyo inayoukoleza.

Tia majani ya kijani ya kitunguu, matone machache ya mafuta ya ufuta, zima. Jaza wali kwenye bakuli dogo, ushindilie kidogo, funika na sahani, geuza. Futa karai, uanze sahani ya pili.

Ukipenda wa siagi

Kuna mtindo mwingine, ule wa bamba la chuma, mpishi anapika mbele yako. Mgahawa wa Misono wa Kobe ndio unaotajwa kuuanzisha mwaka 1945, na Benihana, iliyofunguliwa New York mwaka 1964, ikausambaza Marekani. Wali wake una siagi na kitunguu saumu kingi. Fuata hatua zote za juu, ila acha mafuta ya ufuta, ongeza punje mbili za kitunguu saumu, na siagi kijiko kikubwa kimoja iingie moto ukishazimwa. Ikiingia mapema inaungua na kuacha uchungu kwenye kamba.